Matundu ya Pechay

Luming aliiona chupa kabla Ising hajaifunika vizuri kwa aproni, na moyo ukamlipuka paa. Siku zote za Mungu, chupa aje nayo leo?

Wakaguzi, wakulima wenzao wa vitongoji vya jirani, walikuwa wameshaingia langoni. Wakigundua dawa ya wadudu kwenye tuta moja tu, shamba zima la mtaa linanyang'anywa cheti cha kilimo kisicho na dawa. Na padri, mwenye kiwanja, alikwisha sema: bila cheti, anajenga maegesho ya magari. Watoto wa Luming walikula kutoka matuta yale.

"Mare, umebeba nini?" alimnong'oneza. Waliitana hivyo tangu Ising amsimamie kifungua mimba wake ubatizo.

"Niache, mare. Usiniulize kitu."

Mboga za majani za Ising, pechay, zilikuwa nzima, hazina hata tundu, na maneno yalishaanza. "Jani asilolila mdudu lina jambo," alipenda kusema Mang Dencio, mwenyekiti wao, huku akitafuna kijiti chake cha mshikaki. Majani yake yeye yalikuwa matundu matupu, na kila ukaguzi yalionyeshwa kwanza.

Ising akachutama kwenye tuta lake, akashika kifuniko. Luming akaufikiria ule ubatizo, akawafikiria watoto.

"Mang Dencio! Ising ana chupa!"

Sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

Dencio akaja mbio, wakaguzi nyuma yake. "Si niliwaambia? Kikulacho ki nguoni mwako." Akampokonya chupa, akaimimina chini mbele ya wote.

Wakaanguka viwavi. Wanene, wa kijani, wazima.

Ising alikuwa analia. "Wangu nawaokota kwa mkono kila alfajiri, nani ataniamini? Nikaona bora leo majani yangu nayo yawe na wadudu." Akageuka. "Hawa nimewatoa kwenye tuta lako, mare. Nilianzia kwa Mang Dencio, kwenye matundu mengi. Nimepekua jani kwa jani, sikumwona hata mmoja."

Mkaguzi mmoja akaenda kwenye tuta la mwenyekiti, akachuma jani, akaliinua juani. Matundu yalikuwa ya mviringo, yote sawasawa.

Mang Dencio akakitoa kijiti kinywani taratibu, akakitia mfukoni.