Sauti ya Baba

"Umeipika?" Mohamednoor aliuliza, akiinusa simu.

"Ilianguka kwa sufuria ya maharagwe," Magdaline alijibu. "Shuleni. Mimi ni mpishi."

"Na chumvi ulikuwa umetia?"

"Nilikuwa natia."

Fundi alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. Kibanda chake kilikuwa Majengo, hatua chache kutoka msikitini, na watu wa Nyeri mjini walisema kwamba simu iliyomshinda Mohamednoor, hiyo izikwe tu. Magdaline alikuwa ameiweka ndani ya mchele siku tatu. Haikuwaka.

"Mama, nikuambie ukweli. Nunua ingine."

"Sitaki simu. Nataka kitu iko ndani."

"Picha?"

"Sauti. Ya Baba."

Alieleza kwa maneno machache. Baba alifariki mwezi wa Machi. Miezi ile ya wodini alipenda kujirekodi kwenye simu hiyo, ili siku zipite. Tangu mazishi, Magdaline alikuwa akisikiliza rekodi moja kila asubuhi akikoroga sufuria, simu ikiwa mfukoni mwa aproni. Ndivyo ilivyodumbukia.

"Na hukutoa kopi?"

Magdaline alitikisa kichwa. Simu ilikuwa imemwambia mara nyingi kwamba nafasi imejaa. Ilimwonyesha hata pa kubonyeza ili vitu vihifadhiwe kwingine. Kila mara alichagua "baadaye", kwa sababu aliogopa kwamba kidole kikikosea, kitafuta rekodi zote.

"Pole sana, mama," Mohamednoor alisema. "Hata mimi wangu alienda mwaka jana. Tulimzika Garissa. Sina hata neno moja lake." Akachukua kalamu. "Wako aliitwa nani?"

"Hezekiah."

Fundi aliandika jina hilo kwenye kipande cha karatasi, akakibandika mgongoni mwa simu.

"Sasa sikia. Bodi yake imeoza. Nikiifanya iwake, itawaka kidogo tu, halafu basi, haitarudi tena. Nitachukua chenye naweza. Wewe rudi Jumanne."

"Hata kama ni moja, fundi."

"Hata kama ni moja."

Siku hizo zilimwia ngumu kuliko za mazishi. Hakuwa na nambari ya mtu yeyote kichwani, hata ya mwalimu mkuu, lakini hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kila alipojaribu kuikumbuka ile sauti, ilikuja sauti yake mwenyewe.

Mengine yote aliyakumbuka. Aliukumbuka uzito wa Baba, jinsi ulivyopungua wiki hadi wiki, mpaka akawa anambeba mgongoni kumpeleka chooni bila kuhema. Alijikumbuka akimkatia ndizi vipande vidogo, akimvalisha soksi, akimpanguza uji kidevuni. Alilikumbuka pengo la meno yake ya mbele, na jinsi maneno mengine yalivyopita hapo yakitoa upepo. Maneno gani? Yalipanda wapi, yalishuka wapi? Alisimama mbele ya sufuria, akafungua mdomo ayaige, hakikutoka kitu.

Anita, mpishi mwenzake, alimtoa mwiko mkononi.

"Maggie, unaunguza. Ati unaskiza nini, na simu haiko?"

"Naskiza kama itakuja."

Anita alimvutia kiti, akaendelea kukoroga yeye.

Jumanne, Mohamednoor alimwona akivuka barabara, akainuka kabla hajafika. Alikuwa akitabasamu.

"Mama, leo utanipikia chapati! Keti hapa." Akapanguza kigoda kwa kiganja. "Iliwaka dakika tano. Dakika tano tu! Halafu moshi. Sasa imeisha, hata mwenye aliitengeneza kiwandani hawezi. Lakini nimempata."

Magdaline alishika ukingo wa meza. "Umempata?"

"Nimempata. Ile simu iliweka kila kitu kwa nambari, hakuna majina. Na mimi Kikuyu sijui, najua salamu tu, 'wi mwega' ya kuitia wateja. Nikafungua moja moja haraka haraka, sekunde mbili, nyingine, sekunde mbili, nyingine. Mpaka nikasikia Hezekiah mwenyewe anajitaja. Hapo nikakopi."

Akabonyeza simu yake mwenyewe, akaiweka katikati ya meza.

Sauti nzito ya mzee ilijaza kibanda. Ilikohoa, ikajitaja jina kama mtu aliyesimama mbele ya chifu, ikauliza kama huko mjini kumenyesha, ikamkumbusha Magdaline asisahau mbegu za viazi. Ilikwenda karibu dakika mbili. Muda wote huo Mohamednoor alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima.

Ilipokwisha, Magdaline alikuwa bado anangoja.

"Huyo ni mzee wetu wa Giakanja," alisema taratibu. "Ndiye alinizaa. Asubuhi nimemwacha shambani akipalilia. Sasa weka zile zingine."

Mohamednoor aliitazama ile karatasi yenye jina, kisha akamtazama yeye.

"Zingine zilikuwa za katoto tu, mama. Kanaimba, kanacheka. Karibu arobaini. Niliziruka zote, ndio nimfikie Hezekiah kabla bodi haijaungua."

Magdaline aliisogeza simu ya fundi kando.

"Huyo mtoto ndiye Baba," alisema. "Nilimpa jina la mzee. Jumapili angefikisha miaka saba."