Mikebe Arobaini na Miwili

Siku ya tano mikebe arobaini na miwili ilikuwa imepangwa dirishani, udongo umelowa vizuri, na hakuna hata mmoja uliochipua.

"Tupime," alisema Mwalimu Khaemba, kwa sababu somo ni somo.

Watoto wa darasa la sita wakatoa rula, wakapima hewa. Kisha wakaandika daftarini: Siku ya tano. Urefu: sufuri. Tena kwa mwandiko mzuri, watoto wale!

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza Khaemba alilaumu udongo, akaenda mwenyewe kuchota mwingine kando ya mto Kisian, karibu na shule. Mara ya pili akalaumu maji, akayachemsha na kuyapoza. Mara ya tatu hakubaki wa kulaumiwa ila yeye. Nyumbani alikuwa amepanda maharagwe yale yale ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, na siku ya nne yakachipua kana kwamba yanamcheka.

Na Inspekta alikuwa anakuja Jumatatu ya wiki iliyofuata. Khaemba hakuwa na cheti cha ualimu. Barua ya Inspekta ilikuwa kavu: aonyeshe somo la vitendo, mmea ulioota mikononi mwa mtoto, la sivyo kazi yake inaishia hapo. Mwaka wenyewe ni 1984, mvua imekataa, unga ni wa mahindi ya manjano, nao wa foleni. Ukifukuzwa kazi mwaka kama huo, jamani, utaenda wapi?

"Umezika chakula cha mtoto mara tatu," mkewe Nabalayo alimwambia, akipindua gorogoro, kopo la kupimia nafaka, kumwonyesha lilivyo tupu. "Maharagwe ya nyayo, yale matamu ya kupika, Baba Milka! Sasa umevuna nini?"

Mtu anaweza kubishana na mke, lakini hawezi kubishana na gorogoro tupu.

Siku hiyo ya tano, nayo ilikuwa Jumatatu, baada ya masomo alishuka mjini Kisumu kwa Bwana Faraji, muuza mbegu. Faraji alimsikiliza, akatikisa kichwa, akampimia bakuli zima la maharagwe yaliyopakwa rangi nyekundu.

"Haya hayakosi kuota," alisema. "Hiyo rangi ni sumu ya wadudu. Panya akionja hafiki mlangoni. Wewe panda, nawa mikono, basi. Usiyalaze nyumbani kwako."

Hakuyalaza nyumbani. Alipitia shuleni moja kwa moja, akayafungia kabatini, na Nabalayo hakuyaona hata kwa macho.

Jumanne saa mbili asubuhi wakapanda. Seline, kiranja wa mikebe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tano tano si ni kidogo? Leo tutie kumi."

Khaemba alifurahi. Mtoto anayeomba mbegu zaidi ni mtoto aliyeipenda sayansi, alijiambia, akawagawia kumi kumi mpaka bakuli likaisha. Habari za panya hakuwapa, wasije wakaliogopa somo.

"Mkimaliza, naweni mikono," aliwaambia tu.

Wakanawa.

Mchana hakwenda nyumbani. Aende kufanya nini, kutazamana na sufuria? Alikaa ofisini akisahihisha madaftari na kumwomba Mungu ampe mche mmoja tu, hata kama umepinda.

Saa kumi alirudi darasani. Seline alikuwa amebaki anafagia. Khaemba akasimama mbele ya mikebe, akajizuia, akashindwa. Mkulima hafukui mbegu yake, lakini mwenye hofu hufukua. Akatia kidole katika mkebe wa kwanza. Udongo. Wa pili, udongo. Wa tatu, wa kumi, wa ishirini. Hakukuwa na mbegu iliyooza wala iliyopasuka. Hakukuwa na mbegu kabisa.

Nyuma yake ufagio ukanyamaza.

"Mwalimu, usituchape." Seline alikuwa amepiga magoti. "Huwa tunayafukua wakati wa mapumziko. Tunayaweka pamoja, anapelekewa mmoja. Ni zamu, kama mama zetu kwenye chama chao cha kuchangiana. Kwanza tulipeleka kwa kina Ogola, baba yake haamki kitandani. Halafu kwa kina Benta. Halafu kwetu. Tulikula wote saba, Mwalimu. Mama alikuombea."

Khaemba akaketi kwenye dawati dogo la mtoto. Akacheka, wacha, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mbegu zilikuwa nzima! Udongo mzima, maji mazima, na yeye mwenyewe mwalimu mzima! Inspekta angemwambia nini hakujua, lakini hapa hapakuwa na mtoto wa kuchapwa.

Aliinua mkono afute macho, akaona kidole chake kilivyo chekundu.

"Seline." Akamgeukia. "Ya leo. Ilikuwa zamu ya nani?"

Mtoto akainua uso, akatabasamu. Hili alilijua kuwa ni jema.

"Yako, Mwalimu. Tuliona umekonda. Tuliyaosha vizuri mpaka rangi ikatoka, tukampelekea Mama Milka saa nne. Alifurahi sana! Akasema hatangoja jioni, mtoto hajala tangu jana."