Njia ya Ng'ombe

Mkebe wa majivu ulikuwa mkononi mwangu, na kijiji kizima kilizunguka ramani ya mpango wa ardhi tuliyoichora chini kwa majivu hayo. Ilibaki njia ya ng'ombe kwenda bwawani. Ingenyooka, ingelipasua shamba la alizeti aliloniachia marehemu mume wangu, nami sina jingine.

"Pindisha kushoto kidogo, mama," alisema mwenyekiti. "Mjane hatumkatii shamba."

Kushoto palikuwa na shamba la jirani yangu Mughwai. Amelazwa hospitalini Kiomboi, na hakuna mtu wa kwake aliyekuja mkutanoni.

"Mughwai mwenyewe amesemaje?" niliuliza.

"Aseme nini, na mipira imejaa puani?" alidakia shemeji yangu. Watu wakacheka. "Chora, shemeji, jua linatuchoma."

Majivu yalinata kwenye jasho la vidole vyangu. Nilimwomba Mungu aushike mkono, kisha nikaanza kumwaga taratibu, moja kwa moja.

Kicheko kikakatika.

"Shemeji! Hilo ni shamba la kaka yangu!"

Sikuinua uso. Mstari ulipokaribia bwawa, nilikuta viatu vya shemeji vimesimama juu ya bwawa tulilolichora.

"Sogea, shemeji," nilisema. "Hapo ndipo ng'ombe watakapokunywa."