Sahihi ya Baba

"Finya kidogo, dada," karani wa mnunuzi alimwambia Akwii. "Hiyo kalamu inasikia nguvu ya mkono."

Akwii aliijaribu pembeni mwa tableti. Alipogusa tu, mstari ulitoka mwembamba kama unywele. Alipofinya, ulinenepa, ukawa mweusi tititi.

Nje ya hoteli, foleni ya malori ya mpakani Malaba ilikuwa haijasogea tangu asubuhi. Shamba la kina Akwii la kando ya barabara lilikuwa linauzwa liwe yadi ya malori hayo hayo. Ilibaki sahihi yake tu.

"Mzee alisaini mwenyewe juzi, kitandani," kaka yake alisema. "Maliza haraka, watu wana kazi."

Akwii alitazama juu ya nafasi yake ya kusaini. Jina la Baba lilikuwa pale, nene mwanzo hadi mwisho, na baada yake nukta kubwa iliyokandamizwa.

Asubuhi hiyo alikuwa amemlisha Baba uji. Alimkunjia vidole kwenye kijiko, vikafunguka vyenyewe, kijiko kikaanguka. Ilikuwa hivyo tangu apooze, miezi minne sasa.

Nukta ile aliijua. Walipokuwa shule ya msingi, kaka yake alitoboa nayo madaftari yote, hadi mwalimu akamchapa.

Akwii hakusaini. Aliisukuma tableti taratibu katikati ya chupa za soda hadi mbele ya kaka yake, akamwekea kalamu juu.

"Liandike tena jina la Baba," alisema. "Karani akiona."