Nusu ya Kwanza

Kitabu cha anatomia kilikuwa ghali mno. Mwanahawa na Tumsifu, waliolala chumba kimoja bwenini, walichanga wakanunua kimoja, kisha wakamwomba mwenye duka la fotokopi akikate katikati kwa mashine. Kila Jumapili walibadilishana nusu.

Sasa Tumsifu alikuwa anafunga begi. Ada ilikuwa imeshindikana, na alikuwa anarudi kwao mpaka mambo yakae sawa. Alitoa nusu ya kwanza chini ya mto wake akaiweka kwenye kitanda cha mwenzake.

"Shika, Mwana. Sasa unacho chote."

"Sikitaki."

"We! Na mtihani je?"

Mwanahawa aliinuka, akaishindilia ile nusu ndani ya begi, katikati ya nguo, akafunga zipu kwa nguvu.

"Ukiniachia, hutarudi," alisema. "Sasa itabidi uniletee."

Tumsifu alicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mwenzake alipoondoka, Mwanahawa aliketi akafungua nusu iliyobaki. Ukurasa wa juu ulianzia katikati ya sentensi. Akayasoma yale maneno yasiyo na mwanzo, akayarudia, sikio likiwa mlangoni.