Pimbi Aliyekiri Kosa

Pimbi alikuwa mfamasia mwangalifu kuliko wote mbugani, lakini siku moja alimpa Swala dawa ya moyo badala ya dawa ya kikohozi. Alipogundua, alifunga duka akakimbia hadi kwa Swala, akamkuta ameshameza kidonge kimoja na anatetemeka.

"Usimeze kingine, mama! Kosa ni langu!" alisema, akamwahisha hospitali. Swala akapona.

Mahakamani, Hakimu Nyati aliuliza swali moja tu. "Ulikosea, hukukosea?"

"Nilikosea, Mheshimiwa. Ndiyo maana nilikimbia kumwahi."

"Basi umejihukumu mwenyewe."

Akamfutia leseni na kumfunga miaka miwili. Swala alimwombea huku akilia, hakusikilizwa. Duka akapewa Nguchiro, mfamasia mwenzake, ambaye aliifuatilia kesi ile tangu mwanzo hadi mwisho.

Mvua zilipoanza, Nyati alishikwa na homa, na mkewe akaja dukani kumchukulia dawa. Alipoondoka, Nguchiro alitazama chupa iliyobaki mezani, akaona kwamba ametoa dawa siyo. Akatoka mbio hadi mlangoni. Mama Nyati alikuwa bado anaonekana barabarani. Angeitwa mara moja tu, angesikia.

Nguchiro akamkumbuka Pimbi. Akarudi ndani, akaiweka chupa kwenye rafu, akaketi.

Siku ya mazishi alikuja mapema, akawashika wafiwa mikono mmoja mmoja, akiwaambia kwamba homa ya mwaka huu ni kali mno.