Kufuli la Bi Sikudhani

Mji ule ulikuwa na desturi yake: anayegawiwa nyumba ya manispaa huja na kufuli lake mwenyewe. La Bi Sikudhani lilikuwa limezeekea mkobani. Kila mwaka alilipaka mafuta ya nazi lisishike kutu, na kila mwaka akaambiwa asubiri.

"Zimekwisha tena, mama yangu," alisema karani aliyekuwa akigawa nyumba mpya.

"Na hii ya pembeni?"

"Hiyo ina mwenyewe. Ya diwani."

Bi Sikudhani akausukuma mlango. Harufu ya kinyesi ikampiga usoni. Sebule nzima ilijaa kuku wa kisasa, weupe, wanono. Hata feni walikuwa wamefungiwa.

"Na hawa waliomba lini?"

Karani akacheka kidogo. "Usinitie matatani, mama. Funga mlango, wasije wakatoka."

Bi Sikudhani akatema mate chini. Akaufunga mlango taratibu, akatoa kufuli lake, akalibana kwenye komeo mpaka likalia ta. Ufunguo akautia kifuani. Kisha akavua kandambili zake, akazipanga vizuri mlangoni, akaketi kizingitini.

Ndani, kuku wakaanza kulilia chakula.